KONA YA KWAYA: Wanaume wamepungua, wimbo tuuache?

Mwezi uliopita tuliongea namna ya kutunza koo wakati wa vumbi. Asanteni kwa barua zenu. Leo nataka kujibu barua moja iliyonigusa sana.

Dada mmoja wa Rubondo anaandika hivi: "Mwalimu, kwaya yetu iko na mama na wasichana 16. Wanaume ni 2 tu, na mmoja leo yupo, kesho hayupo. Tunapenda zile nyimbo za zamani za Ulaya za sauti nne, lakini tenori na besi hatuna. Viongozi wanasema tuziache, tuimbe mapambio tu. Wewe unasema nini?"

Dada yangu, mapambio ni mazuri, tusiyadharau. Lakini kuacha zile nyimbo, hapana. Nitakueleza kwa nini, ila nianze na kosa langu mwenyewe.

Kosa nililofanya

Kwaya yetu ilitaka kuimba Haleluya ya Handel siku ya Noeli. Wengi mnaijua. Inatoka katika kazi yake kubwa inayoitwa Messiah, aliyoiandika mwaka 1741 na ikaimbwa mara ya kwanza mwaka 1742 huko Dublin, Ireland. Tulikuwa watu 22: wanawake 19, wanaume 3. Kati ya hao 3, mmoja alikuwa papa wa besi, sauti yake kama ngoma kubwa. Wa pili kijana wa tenori. Wa tatu mtoto wa miaka 15 ambaye sauti ilikuwa inavunjika, leo iko juu, kesho iko chini.

Basi papa wa besi akaenda Mbarara kufanya kazi ya ujenzi. Mnajua wenyewe, tangu mgao ulipopunguzwa mwaka 2023 baba wengi wanakwenda leja leja mbali, si kwa kupenda kwao. Mimi na kichwa changu kigumu nikamweka yule mtoto kwenye besi, peke yake. Kila jioni namwambia, "Ongeza nguvu! Wewe ni mwanaume!" Wiki ya tatu akaja mazoezini hawezi hata kusalimia, koo limekauka kabisa.

Mama yake alinifuata nyumbani. Nilimpa kiti, akakataa kuketi. Akasema, "Mwalimu, nilikuletea mtoto aimbe. Sikukuletea umfanye baba."

Baba wa mtoto yule hajulikani alipo tangu walipotoka Congo. Sikuwa na jibu. Niliomba msamaha tu.

Wiki hiyohiyo nikapanda taksi hadi Mbarara, kama kilomita 60, nauli ya kukopa, nikamwombe papa wa besi arudi hata kwa Jumapili tatu. Nilimkuta juu ya mbao za ujenzi, amejaa saruji mpaka nyusi. Wenzake wakanisalimia "Agandi!", yeye akashuka. Akachukua karatasi ya nota, akaimba mstari wake polepole kwa kufumba mdomo, mpaka mwisho, hakukosa hata nota moja. Kisha akanirudishia karatasi. Akasema, "Mwalimu, siku nikikosa kazi, watoto wanakosa karo. Usiningojee. Andika wimbo wa wale walio hapo."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa najiuliza: walio hapo ni akina nani? Nikagundua kwamba miaka yote nilikuwa nahesabu wasiokuwepo.

Sisi si wa kwanza

Jambo hili si la Nakivale tu, na si la leo. Zamani huko Venice, Italia, kulikuwa na nyumba ya watoto waliotupwa na wazazi, inaitwa Pietà. Wasichana waliolelewa pale walifundishwa muziki mpaka wakasifika Ulaya nzima. Mwaka 1703 akaanza kazi pale padri mmoja, mwalimu wa violini, jina lake Antonio Vivaldi. Yeye ndiye aliyeandika ile Gloria ambayo kwaya nyingi zinaiimba mpaka leo. Ukiitazama nota zake utaona soprano, alto, tenori na besi, zote nne. Lakini kwaya ya Pietà ilikuwa ya wanawake! Je, tenori na besi waliimba nani? Ni wao wenyewe. Walikuwepo wanawake wenye sauti nene walioitwa kabisa kwa majina ya tenori na besi. Wataalamu wengi wanafikiri kwamba nota za chini mno waliziimba oktava moja juu, yaani nota ileile lakini ya ngazi ya juu, na vyombo vikashika ile ya chini.

Kisa cha pili ni cha kambini, kama sisi. Mwaka 1942 wakati wa vita vya pili vya dunia, jeshi la Japani lilikamata wanawake wengi Waholanzi, Waingereza na Waaustralia, likawafunga katika kisiwa cha Sumatra, Indonesia ya leo. Wanaume walitengwa nao, wakawekwa kambi nyingine. Katika kambi ya Palembang walikuwemo mama wawili waliojua muziki, Margaret Dryburgh, mmisionari, na Norah Chambers. Vyombo hawakuwa navyo. Vitabu vya nota hawakuwa navyo. Wakakumbuka kichwani muziki wa Dvořák, Beethoven na Chopin, muziki ulioandikwa kwa vyombo, wakaupanga kwa sauti nne za wanawake bila maneno, kwa kufumba mdomo na kutamka silabi tu. Tarehe 27 Desemba 1943 wakaimbia wafungwa wenzao. Margaret Dryburgh alifia kifungoni mwaka 1945, na wengi wa waimbaji wale walikufa pia kwa njaa na magonjwa. Lakini karatasi zao zilibaki, na kwaya za wanawake zinaimba kutoka kwenye karatasi hizo mpaka sasa.

Naleta visa hivi viwili ili mtu asituambie kwamba tunaharibu muziki wa wakubwa. Mmoja wa wakubwa wenyewe alifundisha kwaya isiyokuwa na wanaume.

Basi tufanye nini?

Sasa daftari na kalamu, walimu wa kwaya. Haya ni mambo niliyojifunza kwa kukosea.

Jambo la 1: Hesabu watu kabla ya kuchagua wimbo. Si kuhesabu vichwa tu. Mwite kila mmoja peke yake, umpe do, ashuke ngazi kwa ngazi, uandike nota ya chini kabisa anayoifikia bila kunong'ona. Halafu apande hivyohivyo. Mimi nilipofanya hivi nilishangaa. Kulikuwa na mama mmoja ambaye miaka yote nilimweka alto, akiimba taratibu, mdomo nusu. Kumbe anashuka hadi G iliyo chini ya do ya katikati ya kinanda, na inalia vizuri! Nikamwuliza, "Mama, mbona hukusema?" Akacheka. "Walinicheka tangu nikiwa msichana, eti naimba kama mwanaume. Nikajifunza kuificha." Nilipata mama wanne wa namna hiyo kati ya 19. Nina hakika hata Rubondo wapo. Watafuteni kwa heshima, na anayecheka atoke nje.

Jambo la 2: Panga sauti tatu, usilazimishe nne. Soprano ni ya kwanza. Alto ni ya pili. Ya tatu ni wale mama wa sauti nene pamoja na wanaume wowote waliopo. Mwanaume mmoja au wawili wakiimba mstari mmoja pamoja na mama wanne, hakuna anayebeba mzigo peke yake. Akikosa mmoja, wimbo hauanguki.

Jambo la 3: Jua nota ya kutoa na nota ya kubakiza. Nota zinazolia pamoja tunaziita akordi. Mara nyingi katika sauti nne kuna nota moja inayorudiwa mara mbili. Kwa mfano do, mi, so, na do tena. Ukitoa do ya pili hakuna kilichopotea. Ukilazimika kutoa nyingine, toa so. Lakini mi usiiguse, maana ndiyo inayotuambia kama wimbo unafurahi au unalia. Vivyo hivyo katika akordi ya so, ti, re, fa: toa re, bakiza so, ti na fa.

Jambo la 4: Linda chini. Hapa ndipo walimu wengi tunaanguka. Mtu anafuta besi, anaacha soprano, alto na tenori kama zilivyo, halafu anashangaa wimbo unayumba. Sababu ni kwamba sikio linasimama juu ya nota ya chini kabisa. Katika akordi ya do, so ikibaki chini, wimbo unakuwa kama mtu anayesimama kwa mguu mmoja. Anaweza kusimama hivyo kidogo akipita, lakini hawezi kulala hivyo. Kwa hiyo mstari wa besi usiufute. Ufute mwingine! Besi wape sauti ya tatu, oktava moja juu. Na mwisho wa wimbo, do iwe chini.

Jambo la 5: Ufunguo ubadilishe taratibu. Ukipandisha wimbo, mama wa sauti ya tatu wanapumua, lakini soprano wanapiga kelele. Ukishusha, ni kinyume. Haleluya iko katika D. Tulijaribu C, soprano wakafurahi, ila wale mama wanne wakawa wanakwaruza chini kama jembe kwenye jiwe. Tukarudi D.

Jambo la 6: Kijana anayevunjika sauti, mpe mstari wake mdogo. Mara nyingi ana nota 5 au 6 tu zilizo salama. Ziandike hizohizo, azunguke humo. Kama hazipo katika wimbo, ashike vitabu, ahesabu mapigo, apumzike miezi. Atarudi. Yule mtoto wangu alifanya kazi ya kunakili nota za kila mtu kwa mkono, na sasa anazisoma kuliko mimi. Msidharau kunakili. Ndugu zetu wa Orchestre Symphonique Kimbanguiste ya Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1994, nao walinakili nota kwa mkono, na leo wanapiga Beethoven.

Jambo la 7: Chombo kisaidie, kisibebe. Kama mna kinanda cha betri au gitaa la besi, kipige ile besi ya chini yenyewe, oktava chini ya mama zetu. Ngoma haiwezi kazi hii, kwa sababu inatoa pigo tu, haitoi do wala so. Lakini upange sauti ili zisimame zenyewe. Siku moja ya mazoezi betri yetu ilikufa katikati kwa sababu jua halikuwaka na sola haikuchaji. Mama wa sauti ya tatu hawakutikisika. Hapo nikajua kazi imekubali.

Neno moja la heshima: Handel alikufa mwaka 1759 na Vivaldi mwaka 1741, nyimbo zao hazina mwenye kuulizwa ruhusa. Lakini wimbo wa mtunzi aliye hai, awe wa hapa kambini au Tanzania au Congo, mwombe kwanza kabla ya kuubadilisha. Ni jasho lake.

Tulivyofanya Haleluya

Wimbo huu ukiutazama vizuri si mgumu kote. Kuna mahali sauti zote zinaimba melodi moja pamoja. Hapo hakuna cha kupanga. Kuna mahali soprano wanashika nota ndefu, wanapanda ngazi moja baada ya nyingine, na wengine wanajibu kwa haraka. Hapo sauti ya pili na ya tatu ndio tuliowapa kazi ya kujibu.

Pagumu ni pale sauti zinapoingia kwa zamu: besi inaanza, halafu tenori, halafu alto, na soprano wa mwisho. Sikutaka kupoteza hata mlango mmoja. Basi mama wa sauti ya tatu wakaanza mahali pa besi, alto wakaingia mahali pa tenori, na soprano nikawagawa makundi mawili kwa hapo tu, kundi moja likaingia mahali pa alto na lingine mwisho. Milango yote 4 ikabaki.

Siku ya Noeli tuliimba tukiwa 21. Yule mama aliyekuwa anaficha sauti ndiye aliyefungua pale mahali pa besi. Aliimba macho amefumba, na mdomo wazi kabisa. Watu wengine waligeuka kutazama ni mwanaume gani.

Na karibu na mwisho nikasikia kitu kinatikisa benchi nyuma. Papa wa besi alikuwa amefika asubuhi ile kutoka Mbarara, mfuko wa unga bado uko miguuni pake. Hakuwa amefanya mazoezi na sisi hata siku moja. Lakini mstari wa mama zetu ulikuwa ni mstari wake uleule, wao juu, yeye oktava chini. Akaingia tu. Hakuna aliyesogea, hakuna kilichogongana.

Dada wa Rubondo, hili ndilo jibu langu. Kambi hii imepokea watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na kwaya zake siku zote zimekuwa na wanaokwenda na wanaokuja. Pangeni wimbo usimame bila wale ambao hawapo. Lakini mstari wao msiutupe, wapeni mama waushike. Siku baba akirudi ataukuta. Na asiporudi, wimbo haukulala.

Zoezi la mwezi

Hii ni miisho ya kawaida ya sauti nne, akordi tatu tu. Do ni D.

Soprano: do – ti – do
Alto: la – so – so
Tenori: fa – fa – mi
Besi: fa – so – do

Na hivi ndivyo tunavyoipanga kwa sauti tatu za wanawake:

Sauti ya 1: do – ti – do
Sauti ya 2: la – fa – mi
Sauti ya 3: fa – so – do

Angalieni: sauti ya 1 haikubadilika. Sauti ya 2 imeanza na nota ya alto, halafu imechukua fa na mi za tenori, kwa sababu bila hizo akordi inakuwa tupu. So za alto tumeziacha. Ya kwanza iko tayari kwenye sauti ya 3, na ya pili wimbo unaweza kukaa bila yake. Sauti ya 3 ni besi yenyewe, oktava juu. Inaanza kwenye ile G ya chini niliyoisema, inapanda A, na do ya mwisho ni ile D iliyo juu yake, si ya chini. Imbeni mara tatu polepole, halafu mfumbe mdomo mwimbe tena. Kama mwisho unatulia, mmepata. Kama unayumba, sikilizeni sauti ya 3, huenda amepotea huko.

Mwezi ujao tutaongea juu ya kufundisha solfa kwa mama ambao hawakusoma shule. Mwenye swali aandike, alete kwa mwenye kugawa gazeti kwenye zoni yake. Na ninyi baba mlioko Mbarara, mkija Jumapili, msikae nyuma kwa haya. Mstari wenu upo.

Ni mimi mwalimu wenu wa Kona ya Kwaya.